Shahidi Asiyetaja Jina

Katika wilaya niliyozaliwa, Hanang, hakuna hata futi moja ya reli, lakini maisha yangu yote ya kazi yamepita relini. Mtu wa Katesh aliyetaka kupanda treni alikuwa hana budi kusafiri kwa gari siku nzima kuelekea kusini, na mvua zikinyesha siku hiyo moja iligeuka kuwa tatu. Baba yangu, mkulima wa Nangwa aliyelima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe wachache, alikufa bila kuona treni. Majirani walipomuuliza mwanawe anafanya nini huko, aliwajibu kwamba nawalinda watu wasionewe na garimoshi. Hakukosea sana.

Nilianza kama karani wa tikiti. Baadaye shirika lilianzisha nafasi ya mkaguzi wa huduma za abiria, nami nikapewa. Nilitakiwa kupanda treni bila kutangaza, nikae daraja la tatu katikati ya magunia na kuku, na kuandika kila kinachokwenda kinyume cha kanuni: matangi ya maji yaliyokauka, kiti kimoja kuuzwa kwa watu wawili, lugha chafu ya wafanyakazi. Abiria mwenye lalamiko aliletwa kwangu, nikamjazia fomu. Wenzangu waliniita Mwenyekiti wa Malalamiko. Nilipoingia kwenye chumba chetu cha mapumziko, mmoja wao aligonga meza na kutangaza kuwa kikao kimeanza, wakacheka wote. Nami nilicheka, maana niliishi nao nyumba za shirika, ukuta kwa ukuta.

Kilichonisumbua kuliko yote ni milango. Kanuni ilikataza kufunga milango ya behewa kwa nje wakati abiria wamo ndani. Makondakta waliifunga. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wa pembe nne mfukoni, na kwenye stesheni ndogo, ambako watu walirukia treni bila tikiti, ilikuwa rahisi kufunga behewa zima kuliko kusimama mlangoni na kubishana. Niliandika taarifa. Nikaandika ya pili. Ya tatu niliambatanisha orodha ya safari na namba za mabehewa. Kila mara ilinirudia nakala yenye muhuri wa neno moja: Imepokelewa.

Kisha mzee mmoja akafia ndani.

Alikuwa mfugaji wa Kibarabaig kutoka nyanda za Hanang. Ilikuwa miaka ile ambayo mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yameenea upande wa Basotu, na wafugaji waliokosa malisho walikuwa wamesogeza ng'ombe wao mbali, kusini na magharibi, katika nchi ambazo wazazi wao hawakuzijua. Mzee huyo alikwenda kuona ng'ombe wa familia waliohamishiwa huko na wanawe. Akaugua kifua, ikaamuliwa arudishwe nyumbani, akisindikizwa na mke wa mwanawe mkubwa. Treni yao ilisimama mchana kwenye stesheni ndogo, muda mrefu, ikisubiri nyingine ipite. Behewa lilikuwa limejaa. Mzee akakosa pumzi. Watu waligonga mlango na hakuna aliyefungua. Treni ilipofika stesheni wanaposhukia watu wa Singida na Hanang, mzee alikuwa ameshakufa.

Taarifa ya kondakta ilisema milango ilikuwa wazi na mgonjwa mwenyewe hakutaka kushuka. Abiria wa behewa lile walikuwa wametawanyika, kila mtu na njia yake. Shahidi pekee ambaye nyumba yake ilijulikana ni yule mkwe. Mkuu wangu aliniita akasema, "Wewe si wa huko huko? Nenda, mtaelewana."

Sikumweleza kwamba mimi ni Mwiraqw wa milimani na hao ni Wabarabaig wa nyanda za chini, kwamba lugha zetu hazifanani hata kidogo, na kwamba ujirani wetu wa siku nyingi umepitia mikuki. Kilichotukutanisha ni Kiswahili, na sote tulikisema kama watu waliovaa viatu vya kuazima.

Nilifikia kwa baba. Nilipomweleza nilikotumwa alitikisa kichwa. "Kwa hiyo reli imekutuma kwa Wamang'ati," alisema, akitumia jina ambalo wenyewe hawalipendi. "Wakupe na risiti ya wale ng'ombe wa babu yako waliowachukua." Mama alimwambia aniache nile.

Kesho yake nilipata lifti ya lori hadi lango la shamba la ngano. Boma la yule mwanamke lilikuwa ng'ambo ya shamba. Ngano ilikuwa imefika kiunoni na kuanza kugeuka rangi, na ililizunguka boma pande tatu; upande wa nne ulikuwa korongo lisilopitika. Njia ilikuwa moja, ikipita langoni, na langoni alikaa mlinzi mwenye daftari. Aliandika kila anayeingia na kutoka, saa na sababu. Aliniuliza sababu yangu. Nilimwambia ni kifo. Akaandika: kifo.

Nilimkuta mwanamke wa makamo, mkubwa kwangu, amevaa gauni la ngozi la mwanamke aliyeolewa na bangili za shaba zilizopanda karibu na kiwiko. Nilimwamkia shikamoo. Alinitazama kidogo kabla ya kuitikia, akipima kama nimeisema kwa dhati. Kwetu si wengi wanaomwamkia hivyo mwanamke wa Kibarabaig. Kisha akanipa kigoda.

Nimehoji mamia ya abiria maishani mwangu, na sijawahi kupata shahidi kama yeye. Hakuongeza chumvi wala hakulia. Alisema walikaa karibu na mlango wa nyuma, mkono wa kushoto. Treni iliposimama, baba mkwe alimwambia anataka kuketi chini kwenye kivuli. Alijaribu mlango wa kushoto, haukufunguka. Alivuka miguu ya watu akajaribu wa kulia, nao haukufunguka. Kupitia dirisha, ambalo lilishuka robo tu kisha likakwama, alimwona mtu wa reli mwenye kofia akinywa chai kibandani. Walimwita. Mtu huyo aliinua mkono, kama anayesema subirini. Mzee alisema tena kuhusu kivuli, naye akarudi kuugonga mlango wa kushoto kwa mikono miwili. Baada ya hapo hakusema kitu.

Niliandika yote daftarini kama alivyoyasema, nikayanakili kwenye fomu, ukurasa na nusu. Kisha nikarudi juu ya fomu, kwenye nafasi niliyokuwa nimeiruka.

"Jina la marehemu?"

"Ni baba wa mume wangu."

"Jina lake, mama."

Aliiangalia kalamu yangu. "Hilo mimi silisemi."

Nilikuwa nalijua hilo. Mtu yeyote aliyekulia Hanang analijua. Mwanamke wa Kibarabaig akishaolewa hatamki jina la baba mkwe wala la wakubwa wa ukoo wa mumewe, wawe hai au wamekufa. Hata maneno yanayokaribiana na jina hilo huyaacha na kutafuta mengine, maisha yake yote. Ndivyo anavyoonyesha kuwa yeye ni mke wa nyumba ile. Mumewe na mashemeji walikuwa mbali, wakichunga ng'ombe. Bomani walibaki wanawake wanne na watoto wadogo, na wanawake wote wanne walikuwa wake za nyumba hiyo. Wote walilijua jina. Hakuna aliyeweza kunipa.

Nilimsomea maelezo yake. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka dole gumba kwenye wino na kuligandamiza chini ya karatasi. Nafasi ya jina ilikuwa tupu.

Hapa ndipo nilipokosea. Sijawahi kupeleka ofisini fomu yenye nafasi tupu. Niliona aibu ya nafasi tupu kama mwingine anavyoona aibu ya shati lililokatika kifungo. Nilipofika langoni nilimuuliza mlinzi kama anamfahamu mzee wa boma lile. Alicheka. "Huyu? Humu yumo mara nyingi kuliko meneja." Akafungua daftari na kunionyesha jina, ukurasa baada ya ukurasa, pamoja na sababu: kunywesha ng'ombe, kunywesha ng'ombe, kwenda Katesh, kunywesha ng'ombe. Nilisimama pale pale, nikaweka fomu juu ya meza yake na kulinakili jina kwa herufi kubwa. Chini ya fomu palikuwa na maneno yaliyochapwa, ambayo niliyajua kwa moyo: Maelezo yote hapo juu yametolewa na shahidi kwa kinywa chake mwenyewe. Sahihi yangu ilikuwa imeshawekwa.

Baada ya wiki kadhaa ilikuja kamati ya watu watatu, na gari la shirika. Waliazima darasa la shule moja pale Katesh wakati wa likizo. Ubaoni palikuwa bado na hesabu za kugawanya. Upepo wa Katesh ulikuwa ukisukuma vumbi chini ya mlango, na mwenyekiti wa kamati, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alikohoa tangu asubuhi. Nilikuwa nimetumwa kumleta shahidi, nami nilimleta. Aliketi kwenye dawati la mtoto, magoti juu, gauni lake la ngozi likinuka moshi, na akasubiri kuulizwa kuhusu mlango.

"Mama, tuanze na jina la marehemu," mwenyekiti alisema.

Alizungusha bangili moja mkononi.

"Hulijui?"

"Nalijua."

"Basi litaje, tuendelee."

"Ni baba wa mume wangu."

Mwenyekiti aliinua fomu. Alisoma jina kwa sauti, taratibu, na nikamwona mama akiinamisha uso. "Hapa imeandikwa ulilitaja. Ulilitaja au hukulitaja?"

"Sikulitaja."

Wote watatu wakanigeukia. Nilieleza desturi. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyozoea. Mjumbe mmoja aliandika kidogo kisha akaacha. Mwenyekiti aliuliza jina nililipata wapi, nikasema kwa mlinzi wa shamba la ngano. Aliuliza kama mlinzi alikuwamo behewani. Nikasema hapana. Nikaomba nipewe muda, mmoja wa wana wa marehemu aitwe aje ataje jina la baba yake.

"Alikuwamo behewani?"

"Hapana, ndugu mwenyekiti."

"Basi si shahidi. Tuna mtu aliyeona asiyetaja, na watu wanaotaja ambao hawakuona. Na tuna mkaguzi aliyeandika uongo chini ya sahihi yake." Hakusema kwa ukali. Akaahirisha kikao tukale.

Wakati wa chakula aliniita pembeni ya gari. Aliniambia njia zilizobaki ni tatu. Ya kwanza, mama alitaje jina mara moja tu mle ndani, ambamo hakuna hata mtu mmoja wa kwao, na mambo yaendelee. Ya pili, niiondoe fomu mwenyewe, niandike kuwa shahidi hakupatikana. Fomu inayoondolewa na mwandishi wake huchanwa mbele ya kamati, na mimi ningerudi kazini kama kwamba sikusafiri. Ya tatu, nikiri nililofanya. Kamati ingeikataa fomu, mimi ningepewa adhabu, huenda hata ya kufukuzwa, na kondakta angebaki salama vilevile.

"Una watoto kwenye nyumba ya shirika," aliniambia. "Usinijibu sasa. Kula kwanza."

Sikula. Nilimkuta mama amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, amepewa chai na hajainywa. Nilichuchumaa mbele yake. Nimejaribu mara nyingi kulikumbuka tendo hilo kwa namna inayonipunguzia aibu, na sijaweza: nilimwomba ataje jina. Nilimwambia ni mara moja tu, kwamba mle ndani hamna mtu wa kwao, kwamba hakuna atakayejua.

"Mimi nitajua," alisema.

Nikamwambia kwamba bila jina maneno yake yote yatatupwa.

"Nimetoka nyumbani mke wa nyumba ile. Nikilitaja, nirudi nani?" Alisema hivyo bila kunilaumu, kama anayenielekeza njia. Kisha akainua mkono kuelekea dirisha la darasa. "Wanaulizia jina la nini? Aliyekufa amekufa, hata asiye na jina anakosa pumzi. Mbona hawaulizi mlango?"

Nilibaki nimechuchumaa pale mpaka miguu ikaniuma. Nilifikiria nyumba ya shirika na wanangu. Nilifikiria pia kitu ambacho labda ni mtu wa ofisi tu angekifikiria wakati ule. Fomu iliyoondolewa huchanwa. Fomu iliyokataliwa haichanwi. Hutobolewa na kufungwa jaladani pamoja na sababu za kukataliwa kwake. Kwa njia zote mbili kondakta angesalimika. Lakini kwa njia moja, yale maneno ya mkono wa kushoto na mkono wa kulia, dirisha la robo na mtu mwenye kofia akinywa chai, yangekuwapo mahali fulani yameandikwa.

Kamati iliporudi nilisimama na kusema kuwa jina nililiandika mimi, baada ya shahidi kuweka dole gumba, na kwamba mengine yote ni ya kwake. Mwenyekiti aliniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikasema ndiyo. Aliandika neno Imekataliwa kwa wino mwekundu pembeni mwa ukurasa, akapiga muhuri, akatoboa matundu mawili na kuiweka jaladani. Niliangalia matundu yalipopita, yasije yakala maneno. Hayakula.

Hakumuuliza mama kuhusu mlango. Alimshukuru kwa kuja.

Sikufukuzwa. Barua ilisema nimeonywa vikali na kwamba sitafaa tena kwa kazi inayohitaji uaminifu wa kumbukumbu. Nilihamishiwa ofisi ya vifurushi, nikapokea na kutoa masanduku, baiskeli na magunia ya karanga mpaka nilipostaafu. Nafasi ya mkaguzi haikujazwa kwa miaka mingi. Dirisha la ofisi ya vifurushi lilitazama jukwaa la abiria, kwa hiyo kila treni ilipoondoka nilimwona kondakta akipita kando ya mabehewa ya daraja la tatu, mlango baada ya mlango, akizungusha kifundo cha mkono. Sikuwa na fomu ya kujaza. Mwanzoni niliinuka kitini. Baadaye niliacha kuinuka, ila sikuweza kuacha kuangalia. Niliomba uhamisho mara mbili, na mara mbili nikajibiwa kwamba hapo nilipo ndipo panaponifaa.

Likizo ya kwanza baada ya barua ile nilikwenda Hanang kumweleza yule mama wa boma matokeo. Hakuna aliyenituma. Ngano ilikuwa imevunwa na kombaini zimeegeshwa kwenye safu, na kutoka langoni boma lilionekana wazi, dogo, katikati ya mabua yaliyokatwa. Mlinzi aliniuliza sababu. Sikujua la kumwambia, akaandika: kusalimia.

Tuliamkiana. Mumewe alikuwa bado huko na ng'ombe. Mama aliniuliza kama nimebaki kazini, nikamwambia nimebaki, lakini sasa napokea vifurushi. Alifikiri kidogo.

"Na maneno yangu?"

"Yapo. Wameandika juu yake kuwa yamekataliwa, lakini yapo."

"Mlango je?"

"Wanafunga bado."

Wake wenzake wa boma walikuwa wakikamua, na tulisikia maziwa yakipiga ndani ya vibuyu. Kisha aliniuliza kama niliyoyaandika niliyabakiza popote, au yote yamekwenda na wale watu wa gari. Nilimwambia kuwa huwa naandika kwanza daftarini, halafu ndipo nanakili kwenye fomu.

"Nisomee."

Nilitoa daftari nikamsomea. Nilipofika pale alipogonga mlango kwa mikono miwili, alinizuia.

"Hapo umekosea, nami siku ile sikukusahihisha. Niligonga kwa mkono mmoja. Wa pili nilikuwa nimemshikia kichwa."

Nikakata mstari ule na kuuandika upya, alivyosema. Alisubiri nimalize, akaniambia niendelee.